Makaa ya nyanya na koki ya maabara

Juzi gunia la makaa limeletwa hapa nyumbani Malindi, nyanya akachukua kipande akakigonga na chenzake, kikalia kama gilasi, akasema haya ndio makaa, akalipa. Jioni wali wa nazi haujaiva vipande vishapasukapasuka, jiko limejaa unga, moto haupumui, kapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Akaniangalia. "Wewe si ulienda India kusomea makaa?"

Nyanya, mimi nilikaa maabara ya kiwanda cha chuma, napima koki! Lakini walahi kosa lenyewe ni lile lile.

Koki ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa masaa 16 mpaka 20 hivi, lami na gesi zikatoka, likabaki jiwe gumu lenye vitundu. Kwenye tanuri inatiwa tabaka kwa tabaka na madini ya chuma. Watu wanadhani kazi yake moto tu. Moto ndio, na gesi ya kunyang'anya madini oksijeni yake pia, lakini kazi ya tatu ndo inaumiza watu kichwa, maana kule chini kila kitu kishayeyuka, koki peke yake ndio bado ngumu, imebeba mzigo wote wa juu na hapo hapo inatakiwa iache njia hewa ipande na chuma kishuke. Ikisagika tanuri linakosa pumzi.

Kugonga kwa nyanya na sisi tulikua nako, kwa pipa: kilo 50 za koki, pipa lizunguke mara 100, uchekeche uone ngapi zimebaki juu ya milimita 40 na ngapi zimekua unga chini ya 10. Sawa, lakini hio ni nguvu ya baridi. Koki inafaulu pipa vizuri tu halafu kwenye moto inaliwa na kaboni dioksidi mpaka kuta za vitundu zinakua karatasi. Ndio Nippon Steel ya Japani miaka ya 1970 wakaja na jaribio lao: gramu 200, vipande vya milimita 20 hivi, nyuzi 1,100, unapuliza kaboni dioksidi masaa mawili. Asilimia ya uzito uliopotea ndio CRI, yaani koki inaliwa kiasi gani na gesi. Kilichobaki unakizungusha mara 600, asilimia isiyovunjika ndio CSR, yaani nguvu iliyobaki baada ya kuliwa, na matanuri makubwa wanataka ipite 60.

Na yote hayo bure kama sampuli ni mbovu. Siku zangu za kwanza niliokota vipande vizuri vizuri vya juu ya lori, majibu yakatoka matamu, bosi akanirudisha na koleo nikachimbe chini. Gunia la makaa si ndio hivo hivo, mabonge juu, chenga chini?

Leo muuza makaa karudi. Nyanya kamwambia amwage gunia lote kwenye jamvi, kachagua vitatu vya chini kabisa, kaviwasha mbele yake. Jamaa akalalamika ati anachelewa.

Nyanya akamvutia kiti.