Jezi Namba 20

Juzi nilikwenda kazini nimevaa jezi yangu ya mwaka 2020 ya Aston Villa, klabu ya hapa Birmingham, Uingereza, namba 20 na jina la Samatta, straika wetu Mtanzania, mgongoni. Nilipovua koti kantini, kijana mmoja mgeni pale kazini akalisoma jina kwa sauti, akacheka. Akawaambia wenzake kwamba huyo ndiye straika mbovu kuliko wote aliowahi kuwasikia, bao moja la ligi kisha akaondolewa. Meza nzima ikacheka naye. Mimi nilikuwa nimebakiwa na dakika sita za mapumziko, na hapa mapumziko hayalipwi, nikamaliza chai yangu nikarudi kwa wazee ninaowahudumia katika nyumba ya kulelea wazee.

Siku mbili sasa jambo hili linanikaa kooni. Kijana yule mwaka 2020 alikuwa mtoto wa shule. Mimi nilikuwepo, hapahapa Birmingham, na msimu ule niliuishi siku kwa siku. Wadau, nivumilieni, leo nitaandika kwa urefu.

Villa ni klabu ya mwaka 1874. Mwaka 1982 walichukua Kombe la Ulaya mbele ya Bayern Munich kule Rotterdam. Lakini mwaka 2016 walishuka daraja wakiwa na pointi 17 tu, wakakaa chini misimu mitatu, wakapanda tena Mei 2019 kwa kuifunga Derby County 2-1 pale Wembley. Wakamwaga zaidi ya pauni milioni 100 kununua wachezaji. Kocha alikuwa Dean Smith, mtu aliyekulia kwenye ushabiki wa Villa, na baba yake aliwahi kuwa msimamizi wa mashabiki uwanjani. Nahodha Jack Grealish, naye mtoto wa klabu tangu udogoni. Nyumba ilikuwa ya wenyewe kwa wenyewe.

Pamoja na hayo yote, walikuwa wanazama. Mwaka Mpya wa 2020 walishinda 2-1 kwa Burnley, lakini ushindi ule uliwagharimu. Kipa Tom Heaton aliumia goti. Wesley, Mbrazili aliyekuwa straika wao tegemeo, alifunga bao siku hiyohiyo kisha goti likaharibika, msimu ukaishia hapo. Tarehe 12 Januari Manchester City wakaja Villa Park wakaondoka na mabao sita kwa moja. Villa hawakuwa na mtu wa kusimama mbele.

Siku nane baadaye wakamsajili Mbwana Ally Samatta kutoka Genk. Kijana wa Mbagala, African Lyon, Simba, TP Mazembe na ubingwa wa Afrika wa 2015, Genk na ubingwa wa Ubelgiji. Nahodha wa Taifa Stars. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nyie huko nyumbani mnakumbuka mlivyoamka. Kurasa za Villa mtandaoni zilijaa Kiswahili mpaka Waingereza wakawa wanauliza kimetokea nini.

Mimi furaha yangu ilikuwa na ganzi ndani yake, na sababu naijua. Mwaka niliofika hapa niliitwa kazi katika nyumba ya kulelea wazee mwezi wa Januari, baridi ile ya kukata masikio, nikaambiwa nianze kesho asubuhi. Nilimpigia mama, akapiga vigelegele. Kumbe watumishi watatu walikuwa wameacha kazi ndani ya mwezi mmoja, na waliobaki wamechoka. Nilipewa zamu za watu watatu, na ukaguzi ulipokuja ukakuta makosa ya tangu kabla yangu, jina lililotajwa kwenye kikao lilikuwa langu. Ndugu yangu unayetaka kuja, ukipata mkataba usianze na sherehe. Uliza kwanza aliyekuwa kwenye nafasi hiyo ameenda wapi, na kwa nini wanakutaka kesho.

Na kwa kuwa nimefika hapo: mlango wa viza ya kazi ya kulea wazee kwa waombaji walioko nje ya Uingereza ulifungwa Julai 2025. Dalali anayekudai mamilioni leo akikuahidi viza hiyo anakuibia. Usiuze shamba. Nimeshapokea simu mbili za watu waliouza.

Turudi. Tarehe 28 Januari 2020, nusu fainali ya Kombe la Ligi, marudiano na Leicester, Villa Park. Nilibadilishana zamu na mwenzangu mmoja wa Jamaika, nikanunua tiketi kwa pauni zaidi ya 30, nikijua vizuri tiketi ya mzunguko pale Uwanja wa Mkapa, Dar, ni bei gani. Nilishuka stesheni ya Witton na bendera ndani ya koti. Ilikuwa mechi yake ya kwanza, na alianza. Jina lilipotangazwa kwenye vipaza sauti, wale Waingereza wa jukwaa la Holte wakalipigia kelele jina la mtu wa Mbagala, nami nikalia mbele ya watu bila haya. Dakika ya 93 Trezeguet, winga wa Villa kutoka Misri, akafunga, 2-1, Villa fainali, watu wakaingia uwanjani kama mto uliobomoa kingo.

Tarehe 1 Februari, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga kwa Bournemouth. Villa wakafungwa 2-1, lakini bao likaandikwa. Tarehe 1 Machi, fainali Wembley, City wanaongoza 2-0, Anwar El Ghazi akapiga krosi, Samatta akajirusha mbele ya mabeki kwa kichwa, wavuni. Mechi ikaisha 2-1. Huyo ndiye mtu anayechekwa kantini: alitua Januari, na kabla ya siku 45 kupita alikuwa ameshafunga kwenye fainali ya Wembley dhidi ya City.

Kazini kwangu tulikuwa na babu mmoja, shabiki wa Villa tangu utoto wake. Jina silitaji. Kabla ya Samatta alikuwa ananiita kwa kengele tu, hasemi neno zaidi ya ombi lake. Asubuhi ya baada ya fainali nilipomletea uji wa shayiri akanishika mkono, akaniuliza yule kijana wenu anatoka mtaa gani. Nikamwambia Mbagala. Akasema “Imbagala”. Nikamrekebisha, akarudia mara nne mpaka ikakaa. Tangu siku hiyo akaniita kwa jina langu, na akanikalisha kitini kunisimulia Rotterdam. Miaka yote niliyokaa nchi hii hakuna mzee wa kizungu aliyewahi kuniambia kaa hapa nikusimulie. Kwa desturi zetu jambo hilo ni la kawaida, kwa huku nalihesabu kama zawadi.

Kisha ikaja korona. Tarehe 9 Machi Leicester waliwapiga Villa 4-0, halafu mpira ukasimama. Villa walikuwa nafasi ya 19 kati ya timu 20, na tatu za mwisho hushuka daraja; pointi 25 katika mechi 28. Sisi tuliendelea kwenda kazini. Siandiki mengi ya miezi ile. Tulipoteza wazee, ndugu zao wakiwaaga kupitia dirisha. Baba yake Dean Smith, aliyekuwa na maradhi ya kusahau, alifariki kwa ugonjwa huohuo mwezi Mei. Tuliposikia habari ile, babu aliomba tuzime televisheni.

Mpira ukarudi tarehe 17 Juni, Villa Park tupu, dhidi ya Sheffield United. Kipindi cha kwanza Oliver Norwood akapiga frikiki, kipa Nyland akaudaka mpira akaingia nao ndani ya goli, nchi nzima iliona. Saa ya mwamuzi, inayomjulisha mpira ukivuka mstari wa goli, haikulia. Kamera zilikuwa zimezibwa na watu waliosongamana golini, na kampuni ya mitambo ikaomba radhi baadaye. Ikaisha 0-0. Pointi hiyo moja ishikeni, tutairudia.

Wakafungwa na Chelsea, wakatoa sare na Newcastle, wakafungwa na Wolves, Liverpool, kisha Manchester United mabao matatu. Zikabaki mechi nne, pointi 27, pengo la pointi nne kuufikia usalama. Magazeti yalishawazika. Samatta hakuwa anafunga, hilo ni kweli na sitalificha, lakini timu nzima ilifunga mabao mawili tu katika mechi sita. Straika anakula anachopakuliwa. Aliyewahi kusimama mbele kwenye timu ya mtaa ambayo viungo wake wote wamerudi kulinda goli anajua ninachosema.

Halafu sijui nguvu ilitoka wapi. Crystal Palace 2-0, Trezeguet mawili. Everton 1-1, bao likirudishwa dakika za mwisho, tukasaga meno. Arsenal 1-0, Trezeguet tena, na usiku huo Villa wakatoka shimoni kwa mara ya kwanza tangu mpira urudi, wakiwazidi Watford kwa tofauti ya mabao.

Tarehe 26 Julai, siku ya mwisho, West Ham ugenini. Sikuwa na zamu, lakini nilikwenda. Nilivaa barakoa na aproni nikakaa mita mbili kutoka kiti cha babu, bendera ya Tanzania nikaitandika juu ya kitanda chake kwa sababu alitaka iwepo. Bournemouth na Watford ndio waliokuwa wakigombea na Villa nafasi ya kubaki. Bournemouth walikuwa wanashinda kwa Everton. Watford walikuwa wanapigana na Arsenal. Dakika ya 84 Grealish akafunga. Babu akapiga kelele ambayo sikujua bado anayo kifuani. Dakika moja tu, Yarmolenko akapiga shuti, likamgonga Grealish huyohuyo, likapaa juu ya kipa Reina. 1-1. Babu akafumba macho, akawa ananiuliza kila mara zimebaki ngapi, nami namtajia.

Ilipoisha: Villa 35, Bournemouth 34, Watford 34. Pointi moja.

Sasa rudini kwenye pointi ya Sheffield. Bao lile lingehesabiwa na mechi ikaisha hivyo, Villa wangekuwa na 34 sawa na Bournemouth, na Bournemouth wana mabao bora. Villa wangeshuka. Kila mtu aliyegusa mpira msimu ule alibeba sehemu yake ya uzi ule mwembamba, na aliyeitwa Januari kuziba pengo la goti la mtu mwingine naye aliubeba. Mkataba wake ulikuwa wa miaka minne na nusu. Septemba hiyohiyo wakamnunua Ollie Watkins, na Samatta akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Miezi minane. Sijawahi kusikia amelalamika.

Miaka ya karibuni Villa wamecheza Ulaya, na Grealish aliuzwa pauni milioni 100 mwaka 2021. Vijana kama yule wa kantini wamezaliwa kwenye ushabiki wakikuta meza imeshaandaliwa.

Babu alifariki mwaka huohuo wa 2021, usingizini, si kwa korona. Binti yake alikuja kuchukua vitu, akakuta kwenye droo karatasi aliyoandikisha mtu neno MBAGALA kwa herufi kubwa, akaniuliza ni dawa gani. Nikamweleza. Akanipa ile karatasi, ninayo kwenye pochi.

Kesho nina zamu ya asubuhi na kijana yule. Nitaivaa jezi tena, na karatasi nitaiweka mezani karibu na chai yangu. Akiuliza ni nini, dakika zangu za mapumziko zote ni zake.