Kuamia njiwa kwenye baridi

Jumapili usiku, katikati ya Februari

Leo tumeangusha njiwa 41 hapa Uingereza na sijafurahi. Naandika nikiwa nimefumbata kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili, vidole ndiyo kwanza vinaanza kuuma, dalili kwamba bado vipo. Mwezi Desemba tulikaa kwenye shamba hilihili, kwenye mtaro huuhuu, tangu asubuhi hadi jua linazama, na hatukufyatua hata risasi moja. Shamba halijabadilika. Kilichobadilika ni matumbo ya njiwa, na hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtoto wa Rufiji na utoto wangu umepitia dunguni. Dungu, kwa watu wa mjini, ni kibanda juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke mnahamia huko, mnaamia ndege kuanzia alfajiri hadi magharibi. Ni kazi ya makopo, kombeo, kamba zilizofungwa matambara, na koo. Tulikuwa tukipiga kelele ndege wanaruka kwenda kwa Bi Mkubwa wa jirani, naye akipiga zake wanarudi kwetu. Nilipohamia Uingereza sikudhani neno kuamia nitalihitaji tena. Halafu nikakutana na Mzee.

Mzee si wa damu. Ni dereva mstaafu wa malori, ana miaka 78, anakaa kijiji cha tatu kutoka hapa kwangu Cambridgeshire, na maisha yake yote amewinda njiwa. Nilimwita Mzee kwa heshima, akauliza maana yake, nikamweleza, akaipenda. Sasa hata mwenye shamba anamwita hivyo hivyo. Misimu miwili ya kwanza nilikuwa mbeba mizigo tu: nyavu za kujifichia, fito, ndoo ya kukalia, chupa ya chai. Baadaye nikapata cheti changu cha shotigani kutoka polisi, na kabati la chuma la kuifungia.

Njiwa wenyewe si hawa wa mjini wanaookota makombo stesheni. Ni njiwa pori wa Ulaya, mkubwa, karibu nusu kilo, ana baka jeupe shingoni na mstari mweupe kwenye bawa unaomsaliti akiwa bado mbali. Nchi nzima wapo zaidi ya jozi milioni 5. Sheria inamlinda kama ndege wengine wa porini, ila England kuna leseni ya jumla inayoruhusu kumuua ili kuzuia hasara kubwa kwenye mazao, mradi mkulima awe amejaribu njia nyingine pia. Na amejaribu kweli, maskini. Kuna mzinga wa gesi unaolipuka wenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Wiki ya kwanza njiwa waliruka mpaka mawinguni. Wiki ya tatu nilimwona mmoja amekaa juu yake anajisafisha manyoya.

Zao lenyewe ni rapa. Ni ndugu wa karibu wa sukuma wiki na haradali, mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia. Hupandwa mwishoni mwa kiangazi chao, hupita baridi nzima ikiwa chini chini, majani mabichi, wakati kila kitu kingine kimekufa au kimelala. Ukisimama barabarani mwezi Januari unaona dunia ya kijivu na kahawia, kisha katikati yake mkeka wa kijani. Ungekuwa njiwa ungetua wapi?

Basi Desemba mimi nikajibu swali hilo kwa haraka: kwenye rapa, wapi tena? Nikamshawishi Mzee tukatege. Yeye aliitazama mialoni, ile miti mikubwa ya misitu ya huku, iliyozunguka shamba, akaguna, akasema sawa. Nilipaswa kulisikiliza lile guno. Tulisimamisha nyavu mtaroni, tukapanga njiwa bandia kama kiatu cha farasi, mdomo wazi pale tulipotaka wageni watue, vichwa vyote vimeelekea upepo maana njiwa hutua akipambana na upepo. Tukakaa. Jua lilichomoza saa mbili asubuhi na likazama saa kumi kasoro robo jioni, na kati ya hapo tulikula sandwichi mara tatu. Njiwa tuliwaona. Walipita juu kabisa, makundi kwa makundi, wakielekea msituni, bila hata kugeuza shingo kuangalia rapa yetu.

Tukiwa tunakunja nyavu Mzee akanipeleka pembeni ya msitu, akafukua majani makavu kwa kiatu. Chini yake kulikuwa na matunda ya mwaloni kama mtu kamwaga gunia. Mwaloni hauzai sawa kila mwaka. Ipo miaka unatoa vitunda vya kuhesabu, ipo miaka unamwaga, na msimu huu ulimwaga. Njiwa huvimeza vizima. "Nani atakula majani," akaniambia, "kama nyama ipo?"

Siku hiyo ndipo alianza kunifundisha kusoma gole. Ndege ana kifuko kooni anapolimbikiza chakula kabla ya kukisaga kwenye firigisi, na kwa njiwa kifuko hicho hujaa hadi shingo ikafanana na ya mtu mwenye mabusha ya kooni. Tulimpata mmoja tu, jioni, palepale pembeni ya msitu tukiwa tumeshaondoka mtaroni, Mzee alimpiga njiwa akirudi kulala. Nikampasua gole kwa kisu kidogo juu ya bodi ya gari, kwa mwanga wa simu. Yakaanguka matunda tisa ya mwaloni, mazima, yanang'aa, bado ya uvuguvugu. Nikayapanga mstari. Nilijiona kama mganga anayesoma kete. Tangu hapo sipigi njiwa bila kumpasua gole, kwa sababu njiwa anatoka kwenye mdomo wa adui akiwa na barua mfukoni inayosema kesho wenzake watakuwa wapi.

Januari magole yalianza kubadilika. Kwanza mwaloni ukapungua. Kisha nikakuta ngano. Ngano, Januari, ardhi imeganda kama zege? Mzee akacheka sana. Watu wenye misitu huku hufuga ndege wakubwa wa kuwindwa, fezanti, huwaachia na kuwalisha ngano kwenye mapipa ili wasihame, na njiwa hajawahi kuona karamu akaacha kujialika. Kukawa pia na vitunda vyeusi vya aivi, ule mmea unaotambaa juu ya miti na kuta. Vyenyewe huiva wakati huu wa njaa, na vinaacha rangi kwenye vidole ambayo haitoki kwa sabuni.

Lakini msimu wa fezanti unafungwa tarehe 1 Februari, na mapipa mengi huachwa yaishe. Kwa hiyo mwanzoni mwa Februari njiwa anajikuta kabanwa pande zote: mwaloni umekwisha, aivi inaelekea ukingoni, ngano imefungwa. Kilichobaki ni majani. Na jani ni maji matupu. Usiku wa hapa ni wa saa 14 au zaidi, baridi inanyonya, na ndege wa nusu kilo lazima alale na gole limejaa ndiyo aamke. Wa mwaloni anashiba kwa saa chache na kwenda kuota jua. Wa rapa hula kutwa nzima, anararua, anameza, anararua, kama mtu anayejaribu kushiba kwa mchicha.

Alhamisi ikaanguka theluji. Si nyingi, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, ila ilitosha kufunika kila kitu kifupi. Rapa ya sehemu kubwa ya shamba ikazama. Ilibaki mgongoni mwa kilima tu, pale upepo ulipofagia, na majani yamejitokeza. Leo asubuhi hata kabla hatujamaliza kupanga njiwa bandia walikuwa wanakuja. Hawakuzunguka, hawakukagua. Njiwa wa Desemba ni mwanasheria, anaona kofia yako umbali wa mita 200 na kugeuka. Hawa wa leo walitua huku mimi nimesimama wima na mzigo begani.

Tulipiga mpaka saa sita mchana. Bunduki ya marisaa, yaani shotigani, inataka ndege asizidi mita 30 au 35, na siku nyingine umbali huo ndio kazi nzima. Leo walikuwa wanakuja mita 15. Kosa langu moja lilikuwa kumjeruhi mmoja wa mapema, akaangukia kwenye miba upande wa pili wa mtaro, nikamtafuta dakika ishirini nikiwa nimezama magotini, nikampata, nikamaliza. Baada ya hapo nilikuwa na haraka zaidi ya kukosa kuliko kupiga. Sijui kama Mzee aliona. Nadhani aliona, maana saa sita kamili alitoa risasi zote mbili kwenye bunduki yake, akaiweka kwenye mfuko, akamimina chai.

Nyumbani nikaanza kuchuna, na hapo ndipo furaha ilipoisha kabisa. Njiwa wa Desemba kidari chake ni mto, nyama imepanda juu ya mfupa pande zote. Hawa mfupa wa kidari ulikuwa umesimama kama mgongo wa kisu. Wanyonge. Huku kuna utaratibu wa kusimamisha uwindaji wa bata porini baridi ikigandisha nchi kwa takriban wiki mbili mfululizo, ili wasipigwe wakiwa hoi. Njiwa hawamo, kwa sababu hesabu yake ni ya mharibifu wa mazao. Naielewa hesabu hiyo. Nimekua nikiomba Mungu ndege wa mpunga wafe wote. Ila shambani kwetu tulirusha mawe kwa ndege aliyeshiba mpunga wetu, sikuwahi kushika mkononi mwizi aliyekuwa anakufa njaa.

Halafu kuna swali la kama inasaidia. Baba yake Mzee alikuwa akinunua risasi zilizochangiwa bei na serikali, maana baada ya Vita vya Pili vya Dunia taifa zima lilikuwa limeamua njiwa apunguzwe. Miaka hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea miaka ya 1960, mtafiti wa Wizara ya Kilimo, Ronald Murton, alikuwa akihesabu njiwa kwenye mashamba ya Carlton, hapahapa Cambridgeshire. Wakati huo rapa ilikuwa haijaenea, njiwa wa baridi walikuwa wanaishi kwa majani ya klova, mmea mfupi wa kulishia mifugo, kwenye malisho. Alichokiona ni kwamba idadi inayovuka baridi hupangwa na klova iliyopo. Waliopigwa risasi, kwa sehemu kubwa, ni wale ambao njaa ingewaua tu baadaye; waliobaki wakapata sahani kubwa zaidi. Mzee anaijua habari hiyo na haimsumbui. Anasema yeye hajawahi kuwinda ili njiwa waishe, angekuwa mjinga, angefanya nini Jumapili?

Baadaye klova ikalimwa, rapa ikaja, na njiwa wakaongezeka kuliko babu zao walivyoota. Na sasa rapa nayo inapungua. Wadudu wanaitafuna ikiwa changa, hasa tangu dawa zile za kupaka mbegu zilipozuiwa mwaka 2013, wakulima wengi wameiacha. Mwaka 2012 Uingereza ilikuwa na zaidi ya hekta 700,000. Mwaka 2021 zilibaki 300,000 na kidogo. Njiwa ni walewale, sahani zimepungua, kwa hiyo aliyebaki na rapa analisha na wa jirani. Mwenye shamba letu ameonyesha pembe moja ambapo kimebaki kikonyo tu, jani hakuna. Na njiwa hapendi mahali pamefunga, hutaka kuona adui, hutua penye uwazi. Kwa hiyo panapopungua majani ndipo wanaporudi, wanapanua kidonda.

Jioni nikampigia Mama aliye Ikwiriri, kule Rufiji, nikamwonyesha kwenye simu sufuria: vidari vya njiwa, vyekundu kama maini, vinachemka kwenye tui la nazi la kopo, pilipili mbuzi moja.

"Huko Ulaya nako mnaamia?" akauliza.

"Tunaamia, Mama. Kwa bunduki."

"Umemchinja au kafa mwenyewe?"

Hapo ndipo tunapogombana kila mara. Napiga kwa bismillahi, nikimkuta hai namchinja, na mbwa wa Mzee ameshafundishwa kwamba wangu hawagusi, nawaokota mwenyewe. Aliyekufa kwa risasi masheikh wamekhitilafiana. Mimi nimechukua kauli ya wanaoruhusu, Mama amechukua kauli ya Mama. Akanyamaza kidogo, akasogeza uso kwenye kamera.

"Mbona wamekonda hivyo?"

Nikamwambia theluji.

"Basi hao si wezi," akasema, na kuanza kunihadithia habari za harusi.

Jumanne, nyongeza

Mvua imenyesha usiku kucha, theluji imeondoka. Nimepita shambani asubuhi kabla ya kazi. Rapa imetoka yote, kijani, imelowa, na sijaona njiwa hata mmoja. Mchana Mzee amenitumia ujumbe: mkulima wa ng'ambo ya barabara kuu kampigia simu, wamemjaa huko, anauliza kama Jumapili tuna nafasi.