Nilivyohuisha cheti changu cha CCRN: pointi 100, saa 432 na mtego wa mgawanyo

CCRN ni cheti cha wauguzi wa wagonjwa mahututi. Kinatolewa na AACN Certification Corporation, tawi la vyeti la AACN, chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi cha Marekani, na kinadumu miaka 3. Mimi nimekihuisha mara mbili, mara ya kwanza kwa pointi za masomo, mara ya pili kwa mtihani. Huku Texas ninakofanya kazi, wauguzi wenzangu kutoka Kenya na Tanzania huniuliza swali moja lilelile: "Pointi zangu zimepita 100, si nimemaliza?" Mara nyingi hawajamaliza. Jumla imetimia, mgawanyo haujatimia.

Nianze na tarehe, maana zinachanganya watu kabla hata ya pointi. Mzunguko wako unaanza siku ya kwanza ya mwezi uliofaulu mtihani, hata kama ulifaulu tarehe 17. Aliyefaulu Februari 17, 2024, mzunguko wake ni Februari 1, 2024 hadi Januari 31, 2027. Kozi ya Februari 3, 2027 haimsaidii kitu katika mzunguko huo. Na pointi za ziada hazivuki kwenda mzunguko unaofuata: ukiwa na 160, zile 60 zimekwisha kazi. Maombi hufunguliwa miezi 4 hivi kabla ya cheti kuisha, na taarifa huja kwa barua pepe. Kama ulijisajili kwa anwani ya kazini na umeshahama hospitali, taarifa hiyo itakwenda kwa asiyekuwepo. Weka anwani yako binafsi.

Saa za kazi ndizo hupuuzwa zaidi. Zinatakiwa saa 432 za kumhudumia mgonjwa mwenyewe ndani ya miaka 3, na kati ya hizo 144 ziwe ndani ya miezi 12 ya mwisho kabla ya tarehe ya kuisha. Kwa zamu za saa 12, hiyo ni zamu 36 kwa jumla na zamu 12 katika mwaka wa mwisho. Anayefanya zamu 3 kwa wiki anazimaliza zile 36 kwa wiki 12 tu, ndiyo maana watu hawazihesabu. Anayekwama ni yule aliyefanya kazi kama punda miaka miwili ya kwanza, kisha mwaka wa tatu akaenda kusomea shahada ya juu, au akahamia kliniki, au akakaa nyumbani Kisii miezi minane akiuguza mzazi. Ana saa 3,000 kwenye kumbukumbu, lakini za mwaka wa mwisho ni 96. Hajatimiza. Dawa yake ni rahisi ukiijua mapema: zamu moja kwa mwezi katika ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), kama mfanyakazi wa kuitwa, inakupa 144 kamili. Mimi nisingekwenda na 144 kamili, ningeweka zamu 2 za akiba, maana zamu hufutwa siku wagonjwa wakiwa wachache.

Saa zenyewe ni za wagonjwa mahututi, na ni wa rika la cheti chako. Mimi cheti changu ni cha watu wazima. Usiku niliopelekwa kusaidia wodi ya kawaida niliutoa kwenye hesabu. Ukiwa meneja, mwalimu wa wodi au unamwelekeza muuguzi mgeni, saa zako zinahesabika pale tu ulipokuwa kando ya kitanda ukishiriki kumhudumia mgonjwa. Saa za mikutano na ratiba hazimo. Kwa wenzetu walio Ghuba: hospitali ya nje ya Marekani na Kanada inakubalika ikiwa kiwango chake kinalingana na cha Marekani, na kinachoangaliwa ni ithibati ya JCI (shirika la kimataifa linalokagua ubora wa hospitali) au hadhi ya Magnet (utambulisho wa ubora wa uuguzi). Hakikisha hilo kabla ya kusaini mkataba, si baada.

Fomu inataka pia mtu wa kuthibitisha saa zako, msimamizi wako au mwenzako wa taaluma. Mwombe ruhusa na uchukue simu na barua pepe yake binafsi. Mameneja wa ICU hawakai, na ukiitwa kwenye ukaguzi mwaka unaofuata huenda aliyekuthibitishia keshahamia jimbo jingine.

Sasa pointi. Wenyewe wanaziita CERP, na CERP moja ni dakika 60 za masomo yaliyoidhinishwa. Zinatakiwa 100, na zimegawanywa mafungu matatu. Fungu A ni tiba na uamuzi wa kitabibu: sepsisi (maambukizi yanayovuruga mwili mzima), mashine ya kupumulia, dawa, moyo, figo, utafiti unaotumika kitandani. Hapo unatakiwa angalau 60. Fungu B ni utu na maadili ya kazi: huduma ya mwisho wa maisha, familia ya mgonjwa, tofauti za mila na lugha, kumfundisha mgonjwa au muuguzi mwenzako. Angalau 10. Fungu C ni ushirikiano na mfumo wa kazi: mawasiliano kati ya wauguzi na madaktari, uongozi, mazingira ya kazi. Nalo angalau 10. Zile 20 zilizobaki zinatoka fungu lolote.

Wauguzi wa ICU tunapenda fungu A. Kozi za hospitali ni A, semina za kampuni za vifaa ni A, kongamano ukienda unakimbilia vipindi vya A. Nilipokaa kujumlisha mara ile ya kwanza nilikuwa na 118: A 109, B 5, C 4. Nikafurahi dakika moja. Kisha hesabu: A inaweza kuingia hadi 80 tu, yaani 60 za lazima na 20 za popote. 80 na 5 na 4 ni 89. Pointi 29 za A hazina pa kwenda, nami nadaiwa 11: B tano, C sita. Nilizipata kwa kozi za mtandaoni za AACN, ambazo kwa wanachama nyingi hazina malipo, na uzuri wake ni kwamba cheti cha AACN chenyewe kimeandikwa fungu. Cheti cha mtoaji mwingine hakikuambii, utaamua wewe. Kigezo ninachotumia: kama somo linabadilisha nitakachompa mgonjwa, dawa au kipimo, ni A, kama linabadilisha nitakavyozungumza naye au na familia yake, ni B, kama linabadilisha tunavyofanya kazi na wenzangu, ni C. Kozi ya huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, inaweza kukusumbua. Ikiwa kiini chake ni kipimo cha mofini, naiweka A. Ikiwa ni namna ya kuongoza kikao cha familia, B.

Ninaandika fungu siku hiyohiyo ninapopata cheti, na naliandika kwenye jina la faili: mwaka, mwezi, tarehe, fungu, pointi, mada. Mfano: 2025-03-14_A_1.5_sepsisi. Faili zikikaa folda moja, ukizipanga kwa jina zinajipanga zenyewe kwa tarehe, na kwa kuzitupia jicho tu unaona B ziko ngapi. Jedwali la Excel ninalo pia, lakini jina la faili ndilo lililoniokoa.

Vyeti vyenyewe huambatanishi unapotuma maombi. Vinahitajika ukichaguliwa kwa ukaguzi, na wanachagua bila mpangilio. Kwa hiyo kila karatasi iwe na jina lako, tarehe, mada, idadi ya saa, mtoaji na ithibati yake. Hapo ndipo madogo haya yanauma:

Jina. Wengi wetu tuna majina matatu, na leseni inasoma moja huku akaunti ya kozi inasoma jingine. Linganisha na leseni kabla ya kuanza kozi.

Kozi ambayo hukujaza fomu ya tathmini mwishoni. Umesikiliza saa nzima, lakini cheti hakitoki mpaka ujaze.

Kadi ya ACLS (mafunzo ya kuokoa maisha moyo unaposimama). Kadi inaonyesha umefuzu na lini itaisha, haionyeshi ni saa ngapi za masomo. Omba cheti cha saa kwa mtoaji siku hiyohiyo ya mafunzo.

CEU. Baadhi ya vyeti vinaandika CEU, kipimo kingine cha masomo, badala ya saa. CEU 1 ni saa 10, kwa hiyo 0.2 ni saa 2. Kuna anayeandika 0.2 kwenye jedwali akajipunja, na kuna anayeona CEU 2 akaandika 2 mahali pa saa 20.

Na kubwa kuliko yote: vyeti vilivyo ndani ya mfumo wa mafunzo wa mwajiri. Ukiacha kazi akaunti inafungwa na vyeti vinabaki huko. Pakua kila kitu kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi.

Ukisoma chuoni, kozi inayohusu kazi hii nayo inahesabika: krediti moja ya muhula ni pointi 15, ya robo mwaka ni 10. Kozi moja ya krediti 3 ya pathofiziolojia ni 45. Anayesomea shahada ya juu hana shida ya A kabisa. Shida yake ni zile saa 144.

Cheti kilekile cha kozi kinatumika pia kwenye leseni. Texas inataka saa 20 kila miaka 2, na kushika au kuhuisha cheti cha taifa kama CCRN katika eneo lako la kazi kunakubalika badala ya saa hizo. Zinabaki zile kozi ambazo jimbo limezitaja kwa jina, kama ile ya saa 2 ya sheria na maadili ambayo huja kila uhuishaji wa tatu. California inataka saa 30 kwa miaka 2, Massachusetts 15. Kwa anayeshika pia leseni ya Kenya, Baraza la Wauguzi la Kenya lina hesabu yake, usidhani CCRN inaifuta.

Mara ya pili nilichagua mtihani, kwa kuwa nilikuwa nafundisha wageni wodini na nikaona niusome upya. Sikushauri uuone kama njia ya mkato. Saa 432 na 144 zinatakiwa vilevile. Na huruhusiwi kuujaribu kwanza halafu ukifeli urudi kwenye pointi. Aliye na pointi 85 amalizie 15, asiguse mtihani. Mtihani unamfaa mwenye pointi 20 na miezi minne, awe kweli yumo kitandani kila wiki.

Niliomba mara dirisha lilipofunguka. Ukikubaliwa unapewa siku 90 za kuufanya. Maswali ni 150 kwa saa 3, yaani sekunde 72 kwa swali. 125 yanahesabiwa, 25 ni ya majaribio na huyatambui. Asilimia 80 ya muhtasari niliousomea ilikuwa tiba, 20 maadili na utu wa kazi. Nilijipa wiki 10, maswali 40 kwa siku nisizokuwa kazini, na kila nililokosa niliandika sababu. Nilipoyasoma makosa yangu, chanzo mara nyingi kilikuwa kilekile: nilijibu kwa desturi ya wodi yetu. Mtihani hauulizi hospitali yako hufanyaje. Swali la familia inayotaka kuwepo wakati mgonjwa anasukumwa kifua ni mfano mzuri. Wodi nyingi bado huwatoa nje. Jibu ni kuwaruhusu, na mfanyakazi mmoja akae nao akiwaeleza kinachoendelea.

Upande wa tiba, mshtuko (hali ya viungo kukosa damu ya kutosha) ndio uliorudi tena na tena, na unautatua kwa namba tatu. Kawaida CI (damu ambayo moyo unasukuma kwa dakika, kwa ukubwa wa mwili) ni 2.5 hadi 4, SVR (ukinzani wa mishipa) 800 hadi 1,200, PAOP (shinikizo la damu inayofika upande wa kushoto wa moyo) 6 hadi 12. Mgonjwa ana presha 82/50, CI 1.8, SVR 1,900. Hapo hujajua kitu bado, maana aliyepungukiwa damu na ambaye moyo umeshindwa kusukuma wanafanana hivyo. Angalia PAOP. Ikiwa 4, tanki ni tupu, mpe maji ya mshipani au damu. Ikiwa 22, moyo umeelemewa, maji yatamzamisha, fikiria dobutamini, dawa ya kuupa moyo nguvu. Na SVR ikiwa 450 huku CI ni 5, mishipa imelegea: sepsisi, maji kisha norepinefrini, dawa ya kubana mishipa. Jihadhari na mmoja tu, aliyeumia upande wa kulia wa moyo: CVP (shinikizo la damu inayorudi upande wa kulia wa moyo) iko juu, PAOP iko chini au kawaida, mapafu yako safi. Huyu anahitaji maji, na nitroglisirini, dawa ya kulegeza mishipa, inaweza kumwangusha presha.

Malipo ni ya kadi, na mwanachama hulipa pungufu. Hifadhi risiti, hospitali nyingi hurudisha gharama lakini hutaka risiti na cheti kipya pamoja.

Anayeona saa hazitatimia asiache cheti kife kimyakimya. Kabla ya tarehe ya kuisha anaweza kuomba hadhi ya kusimamishwa kwa muda, inayompa nafasi ya hadi miaka 3 kurudi na kutimiza masharti. Katika muda huo herufi CCRN haziandikwi baada ya jina lake popote, iwe kwenye chati, kwenye wasifu wa kazi au kwenye beji. Beji aombe mpya mapema, ofisi ya vitambulisho huwa na foleni yake.