Kaimu Hakuitwa

"Dada, mbona jaribio linasema moki haikuitwa, wakati mimi nimeiita?"

Jana jioni kijana wetu alinigeuzia skrini yake. Jaribio ni msimbo mdogo unaopima msimbo mwingine; moki ni kitu cha kuigiza kinachowekwa mahali pa kile cha kweli. Kabla sijausoma mstari wa pili, macho yangu yalishakwenda kwenye muda. Sekunde 6. Jaribio dogo vile, sekunde 6! Nikamshika mkono asiliendeshe tena.

Mlionisoma tangu enzi za ile timu ya ghorofa ya tatu mnaijua nusu ya hadithi hii. Nusu nyingine nilikuwa naikwepa.

Ilikuwa Alhamisi, wenzangu wamekwisha kuondoka. Nilikuwa nimeandika funksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake, ya kufuta rekodi zilizopitwa na wakati: unaipa tarehe, inafuta kila kilichotangulia. Kwenye jaribio niliipa mwaka 2099, ili kila kitu kihesabike kuwa cha zamani. Ujanja wa kivivu, lakini hifadhidata si itakuwa ya kuigiza tu? Moduli ya `hifadhi`, yaani faili la msimbo lenye jina hilo, ilikuwa na funksheni ya `pata_muunganisho`, inayosoma anwani ya hifadhidata kwenye mipangilio ya mazingira ya kompyuta na kukuletea muunganisho nayo. Nikachukua `patch`, zana ya lugha ya Python ya kubadilisha kitu kwa muda wakati wa jaribio, nikaweka moki kwenye `hifadhi.pata_muunganisho`. Moki ni kaimu: anakalia kiti, anaitikia akiitwa, hafanyi kazi yoyote.

Nikaendesha. Nyekundu, yaani jaribio limefeli. `execute`, ile inayotuma amri kwenye hifadhidata, ilitarajiwa kuitwa mara 1, imeitwa mara 0. Sekunde 9.

Nikaendesha tena. Nyekundu ileile, ila safari hii haikufika hata sekunde moja, na nakumbuka kabisa kwamba nilifurahi. Angalau imechangamka, nikajisemea. Nikaendesha mara ya tatu. Ndipo nikaongeza mstari wa kuchapisha kile kinachorudishwa na `pata_muunganisho`, nikaona kwamba si moki. Ni muunganisho wa kweli, wenye anwani, na anwani yenyewe naijua: niliiweka kwa mkono wangu mchana ule nikifukuzana na hitilafu fulani, kisha sikuiondoa.

Zile sekunde 9 zilikuwa bado ziko juu kwenye skrini. Nikazitazama. Ndizo zilizofuta data ambazo wenzetu wa uhakiki walikuwa wakiziingiza, rekodi moja moja, kwenye hifadhidata ya pamoja. Mara ya pili ilikwenda mbio kwa sababu hakikubaki cha kufuta. Na jaribio halikunidanganya hata neno moja. Kaimu kweli hakuitwa. Aliitwa mwenye kiti.

Moduli ya `ripoti`, ilimokaa funksheni yangu ya kufuta, ilianza na `from hifadhi import pata_muunganisho`. Kwa hiyo ilikuwa na jina lake yenyewe tayari, linaloelekea kwenye funksheni ya asili. Mimi nikabadilisha jina kule lilikozaliwa, `ripoti` ikaendelea kutumia lake. Nilipaswa kuandika `ripoti.pata_muunganisho`. Neno moja tu.

Nakala ya akiba ilikuwa ya Jumapili. Niliomba radhi, nikakaa na wahakiki siku mbili kuingiza data upya, basi.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kumoki kila kitu. Moki ya Python ni mpole mno: ukiiomba safu, inakupa moki nyingine, ukiuliza kama ni kweli, inasema kweli. Nikakosea herufi kwenye jina la safu ndani ya swali la SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, majaribio yote yakawa kijani, na hifadhidata halisi ikalikataa siku ileile tulipopeleka msimbo kwenye seva. Nikahamia SQLite, hifadhidata ndogo ya kweli, nikiiweka ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu, nikidhani nimepata dawa. Nayo ikapokea maneno kwenye safu ya namba bila kunung'unika. Siku hizi nachanganya, na kila baada ya muda nabishana na mwenyewe kuhusu vipimo vya mchanganyiko wenyewe.

Tukaifuata anwani ya kijana: ilikuwa ya hifadhidata ndogo kwenye kompyuta yake, yenye data zake za kuchezea. Hakulia. Akarekebisha jina, jaribio likapita kwa milisekunde chache.

"Sasa dada, hii inathibitisha nini hasa?"

"Inathibitisha kwamba kaimu ameitwa."

Akasubiri niendelee. Nikaanza kutafuta chaja yangu.