Usiku wa 11: ukungu umekubali kutambaa

Umekubali! Jana saa saba kasoro usiku ukungu ulitoka kwenye mtungi wa mtafiti, ukateremka mguu wa meza, ukatandaa sakafuni hadi kwenye viatu vya mwigizaji, na haukupanda hata kufika magotini. Tuna sekunde 40 safi. Nimezirudia kuzitazama mpaka simu ikazima kwa kuisha chaji.

Kwa ambao hamjui tulipofikia: filamu yetu inamhusu mtafiti wa mwaka 1978 anayejifungia kwenye banda la kukaushia maua ya pareto huku Umalila, Mbeya. Pareto huua wadudu kwa sumu ya pairethrini inayoshambulia neva zao. Huyu bwana hatosheki na nguvu yake ya kawaida. Anakamua, anachemsha, anakoleza, anakoleza tena. Usiku mmoja anaimimina kwenye sahani ya wadudu na hakuna hata mmoja anayekufa. Wanaoamka ni waliozikwa nyuma ya banda. Nao hawaji wakitembea, wanakuja chini kwa chini. Kwa hiyo ukungu kwetu si pambo la sini. Ndiyo mwigizaji mkuu, na kwa usiku kumi alikuwa amegoma.

Mnajua tabia ya mashine ya moshi. Inachemsha majimaji yake, mvuke unatoka wa moto, na kilicho cha moto kinapanda. Kwenye ukumbi wa harusi hiyo ni raha, bwana na bibi harusi wanapita katikati ya wingu. Kwenye banda letu wingu lilikwenda moja kwa moja kwenye mabati, likakaa huko juu, na chini mtafiti akabaki anatetemeka mbele ya sakafu tupu. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ndiyo ingemaliza kazi, iko nyuzi 78 chini ya sifuri, ila sikuipata Mbeya nzima. Na hata ningeipata, gesi yake inajaa chini na kufukuza hewa, na sini ya tatu mwigizaji analala sakafuni. Nikaacha.

Basi tukatengeneza kipoza. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, tundu la kuingizia juu, la kutolea chini, na katikati wavu wa kuku wa kubeba barafu ili ukungu upite kati ya vipande. Barafu ni zile za mifuko, tunazinunua kwa akina mama wenye friji na kuzipondaponda kwa nyundo. Nilichonga ya kwanza, ukungu ukapita pembeni ya barafu na kutoka wa moto vilevile. Ya pili nikaongeza chumvi, ukatoka wa baridi, lakini kwa kasi kama unarushwa na pampu, ukagonga ukuta na kuchanganyika na hewa. Hapo nikagundua kwamba mdomo wa kutolea ulikuwa mwembamba mno. Nikatoa mpira wa bustani, nikafunga kipande cha bomba la gata kutoka soko la Mwanjelwa, pana kama kiganja. Kasi ikafa. Ukungu ukaanza kumwagika vizuri kama uji.

Kwa sekunde tano. Kisha ukanyanyuka.

Hapo ndipo nilipokaribia kukata tamaa. Usiku wa nane, wa tisa, wa kumi, hali ni ileile: unamwagika, unafika katikati ya banda, unanyanyuka kama umeitwa. Niliziba nyufa za mbao kwa magunia. Nilizima taa mbili nikidhani zinapasha hewa. Nilibadilisha waya wa eksitensheni, maana ule mwembamba wa mita 30 ulikuwa unaunyima moto mtambo wenye wati 1,500. Mashine ikaanza kuwahi kupata joto, lakini ukungu ukaendelea kunyanyuka. Nilijaribu hata kuuchora kwenye kompyuta wakati wa kuhariri. Unaonekana mzuri mpaka mtu anyanyue mguu. Ukungu wa kweli unapishana na mguu kisha unafunga nyuma yake. Ule wa kompyuta unapita juu ya suruali kama pazia. Anayeniambia haina tofauti nitamwonyesha vipande vyote viwili.

Jana, saa sita hivi, dada anayetupikia aliingia kuchukua jiko la mkaa akakaange viazi nje. Lile jiko lilikuwa kwenye kona tangu usiku wa kwanza, kwa sababu Julai huku baridi inaingia kwenye mifupa na waigizaji wamevaa koti la maabara tu. Sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Tukaendelea na mazoezi, mashine ikapumua, ukungu ukamwagika, ukafika katikati ya banda, ukapita, ukafika ukutani. Umelala. Nilipiga kelele hadi babu mwenye banda akaja na tochi. "Mjukuu wangu, mmeumia?" Nikamwambia hapana babu, ni jiko.

Jiko lilikuwa linapandisha hewa ya moto kwenye kona, na hewa ya chini yote inavutwa kwenda kuziba nafasi, na ukungu wangu ndani yake. Usiku kumi! Sasa mkaa hauingii tena ndani, jambo ambalo hata kwa usalama nilipaswa kulisimamia mapema, kwa jinsi tulivyoziba zile nyufa. Waigizaji wanaota moto nje na kuingia kamera ikiwa tayari.

Mambo mawili ya taa na kamera, kwa haraka. Ukungu umulikwe kwa nyuma. Taa ikitoka upande wa kamera unapata ukuta mweupe. Ikitoka nyuma, kila wimbi linaonekana. Na fokasi ifungwe kwa mkono, simu ikiachiwa itahangaika kutafuta uso ndani ya wingu. Sisi tunapiga fremu 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na mistari ya taa haitokei.

Leo tulipanga kumaliza sini 14, mazungumzo ya mtafiti na mkewe. Hatuifanyi. Wakati tunafunga vyombo jana niliona pumzi ya mwigizaji ikitoka mdomoni kama moshi, kwa baridi ya saa tisa usiku, nikairekodi tu. Asubuhi nikaigeuza, ikacheza kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wingu linatokea hewani, linakusanyika mbele ya uso wake, linaingia mdomoni. Nywele zilinisimama. Huyo ndiye mzimu anaingia, na haijagharimu hata kipande kimoja cha barafu.

Kwa hiyo usiku huu tunapiga sini nzima kinyumenyume, nje, mbele ya banda. Mwigizaji ataanza akiwa ameanguka na kumaliza akiwa mlangoni. Tangu mchana yuko uani anajifunza kurudi nyuma bila kutazama, na babu anamwondolea mawe njiani.