Dakika Moja Chini ya Mwarobaini

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 19 kazini. Darasa langu la Kwanza lilikuwa na watoto 112, madawati 20 na kelele nzuri. Nikigonga ubao kwa rula wanaitikia wote: "Baba analima shamba!" Mkaguzi akipita anaandika kwamba wanafunzi wanashiriki vizuri.

Mipango ya kuboresha shule nilishaizoea. MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilitukuta mwaka 2002, tukabeba matofali pamoja na wazazi. Mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ukaja mwaka 2013 na rangi zake, shule za kijani, njano na nyekundu kwa kufuata matokeo ya mtihani. Sisi tukaangukia njano, tukamshukuru Mungu. Kwa hiyo nilipoitwa kwenye semina ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nilikwenda nikiwaza posho.

Huko tukaambiwa tufundishe sauti ya herufi kabla ya jina lake. M si "me", ni "mmmm". Watu wazima, wengine wana wajukuu, tunanguruma ukumbini. Kisha tukapewa kazi ya kurudi nayo: mwite mtoto mmoja mmoja, mpe kifungu ambacho hajawahi kukiona, umhesabie maneno anayosoma kwa dakika moja.

Nilianza na Darasa la Tatu, watoto niliowafundisha mwenyewe, ili nijipe moyo. Nikaweka kiti chini ya mwarobaini, simu mkononi. Wa kwanza kumwita alikuwa kiranja, mtoto nadhifu, ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiongoza darasa zima.

"Shikamoo, Madam." Akashika karatasi kwa mikono miwili.

Kifungu kilianza: Juma ana mbuzi mweusi. Yeye akasema, "Juma anapenda shule. Shule yetu ni nzuri," akaenda hivyo hivyo bila kukwama hata mara moja. Ulikuwa ukurasa wa kitabu tulichotumia miaka miwili nyuma. Nikaweka kidole kwenye neno mbuzi.

"Hili neno gani, baba?"

Hakuangalia kidole. Aliangalia midomo yangu, akisubiri nianze ili aitikie. Kumbe miaka yote alikuwa akisoma midomo.

Siku ile niliwaita 20. Waliosoma walikuwa 7. Ripoti zao nilizisaini mimi, kwa kalamu nyekundu, "vizuri sana".

Ofisini nikamweleza mwalimu mwenzangu wa siku nyingi. Akakoroga chai yake. "Mwanangu, na hao 112 utawasikiliza saa ngapi?" Swali la haki kabisa, na jibu lake sikuwa nalo. Nilichofanya ni kuwaita 6 kwa siku, wakati wa mapumziko, chai yangu ikipoa. Muhtasari mpya wa masomo nao ulisaidia, pengine kuliko semina yenyewe: Darasa la Kwanza na la Pili walipunguziwa masomo, muda mwingi ukabaki wa kusoma, kuandika na kuhesabu.

Jumatatu ya kwanza ya "mmmm", Mwalimu Mkuu alikuja mbio hadi mlangoni akiuliza kama nyuki wameingia darasani. Watoto wakacheka, wakanguruma zaidi. Kwenye dawati la nyuma, magoti yamegota ubao kwa chini, alikaa kiranja wa Darasa la Tatu niliyemwombea ruhusa. Alikuwa anawashinda wote kwa sauti.