Ng'ombe anabeua, mimi naandika

Kazi yangu ni kuwaelezea wafugaji mambo ya watafiti, na methane, ile gesi inayotoka kwa ng'ombe, ndo imenitoa jasho kweli. Hapo Moroto, Uganda, nilimwambia mzee mmoja hewa ya ng'ombe inapasha dunia joto, akacheka mpaka fimbo ikamdondoka, alidhani nasema ushuzi! Nikamwambia hapana mzee wangu, nyingi inatokea mdomoni, ng'ombe akila nyasi ngumu inachachuka tumboni halafu anabeua, na hapo anapoteza nguvu ambayo ingekuwa maziwa. Kusikia maziwa akanyamaza.

"Sasa nyasi laini kiangazi hiki nitoe wapi mwanangu?"

Ripoti yangu ya kurasa 40 haikuwa na jibu, basi nikamtajia brakiaria, nyasi ya asili yetu Afrika, ikapelekwa Amerika Kusini ikaboreshwa ikarudi. Akasema kumbe nayo ilienda kutafuta kazi.